Winchi ya Vitofali

Mwezi uliopita nilipanda basi la asubuhi kutoka Iringa kwenda Mbalizi kumzika Bi Hawa. Sikulia. Watu wa rika langu tukilia kila anapokufa mtu tutakauka. Nilikaa uani na wanawake wenzangu, nikamenya vitunguu kama walivyomenya wao, nikala chakula cha msiba huku miguu inaniuma kwa kukaa mkekani, na wakati wa kuaga, binti yake Rehema akanishika mkono akanipeleka chumbani kwa marehemu. Alivuta kitu kutoka chini ya kitanda, kimefungwa kwa khanga iliyochakaa mpaka maneno yake hayasomeki. Akasema, "Mama aliagiza hiki apewe Filotea wa Igowole. Na akasema usikiweke dirishani." Nilijua ni nini kabla ya kufungua, kwa sababu ndani ya khanga nilisikia kile kimlio chake, tak, kama mtu anayevunja kijiti kwa kidole gumba. Rehema akashtuka. "Mama mkubwa, nimekivunja?" Nikamwambia hapana, ndivyo kinavyopumua. Akaniangalia kama watoto wanavyotuangalia sisi wazee siku hizi, akaniongezea mfuko wa mchele, akaniacha niende.

Kitu chenyewe ni winchi ya kuchezea, ya vitofali vya plastiki, na mwaka ninaotaka kuusema ni mwaka ilipojengwa. Reli ilikuwa inasogea Mbeya na mji wote ulinuka vumbi na mafuta ya mashine. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimetoka Igowole kuja kufanya kazi za nyumbani kwa Fundi Selemani na mkewe, Bi Hawa. Ya kwetu, na kwa nini niliondoka, siyaandiki. Naandika nyumba. Bati lilikuwa limeshika kutu, chumba cha mbele ni karakana ya redio, cha kati sebule, cha nyuma walilala wenyewe, na mimi nililala jikoni karibu na majivu ya moto, jambo ambalo kwa baridi ya Mbeya lilikuwa upendeleo. Karakana ile mpaka leo naiota. Rafu kutoka chini hadi darini, na kila rafu redio za watu zimefunguliwa migongo, matumbo nje, nyingine wenyewe wamekwisha kuzisahau. Asubuhi nikifagia, moja ilikuwa inakohoa peke yake, ikasema maneno mawili matatu kwa sauti ya mwanamume, ikanyamaza. Siku ya kwanza nilitupa ufagio. Nilimwambia Fundi, humu mna kitu. Alicheka hadi akavua miwani. "Filo, hiyo ni waya imegusana na mwenzake. Kitu kikisema peke yake, tafuta waya kwanza, jini baadaye." Neno hilo nimeishi nalo. Nimelea watoto kwa neno hilo, nimefukuza waganga mlangoni kwangu kwa neno hilo. Ndiyo maana haya ninayoandika yananiudhi mimi mwenyewe kuliko yatakavyomuudhi msomaji.

Fundi alikuwa na mvi kichwani na mchezo wa kitoto mikononi. Mzungu mmoja wa shamba la kahawa upande wa Mbalizi, alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia sanduku la vitofali, vile vyenye chuchu juu na mashimo chini, ukivibana vinashikana kama kupe na ng'ombe. Ndani mlikuwa na magurudumu, vijiti vya ekseli na gia chache. Hawakuwa na mtoto wa kumpa, miaka yote waliyokaa, basi akavichukua mwenyewe. Jioni baada ya kula alitandika gunia sebuleni, akakaa chini katikati ya vitofali na taa ya chemli pembeni. Mama Sekela, jirani yetu aliyekuwa akiuza ndizi za kupika, alimkuta hivyo akasimama mlangoni na beseni lake kichwani. "Bi Hawa, mume wako anajenga nyumba ya panya? Si ajenge choo kwanza, kile cha uani kinaanguka na watu ndani!" Bi Hawa alikuwa anachambua mchicha, hata hakuinua uso. "Mwache, mama. Wenzake sasa hivi wako kilabuni. Wangu najua alipo." Fundi naye akajibu, "Panya wa nyumba hii wanajua ujenzi kuliko wewe, Mama Sekela. Wamekwisha kutoboa mpaka sebuleni kwako."

Vya Mzungu havikutosha. Mjini kulikuwa na vingine vya bei nafuu, boksi lake lina picha ya tausi, na watu wa reli nao walimuuzia gia nyeusi zisizo na jina lolote. Akachanganya. Kuchanganya huko si kazi ya kubana tu, nilikaa nikiangalia nikajifunza. Vya tausi vilikuwa na unene usiolingana. Vinene alivipiga msasa mpaka vikakubali kuingia kwenye vya Mzungu. Vilivyolegea alivitumbukiza kwenye maji ya moto, akavibana vikiwa laini, akaviacha vipoe vimeshikana. Gia nyeusi zilikuwa na meno marefu yanayolia, akayapaka nta ya mshumaa. Sufuria yangu ya chai ilinuka plastiki mwezi mzima, na nilimwambia hivyo usoni. Alisema samahani na kesho yake akaichukua tena. Usiku baridi ikishuka, kile kitu alichokuwa anakijenga kilianza kulia, tak, tak, bila kuguswa, na asubuhi jua likikipiga kikalia tena. "Hivi ni wake wenza," alitueleza. "Jua likiwaka, vya tausi vinavimba, vya Mzungu vinatulia. Baridi ikija, vya tausi vinanywea, gia zinaachana meno. Hawapendani, lakini nyumba inaendelea." Bi Hawa akamuuliza kwa nini asitumie vya aina moja yakaisha. "Chapa ni ya boksi, mke wangu. Ndani ya mashine hakuna chapa, kuna kazi tu."

Winchi ilipokamilika ilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, imepinda shingo kama korongo anayetazama maji. Mota aliitoa kwenye gramafoni ya betri iliyokwisha kufa. Kamba ilikuwa uzi wa kushonea viatu. Ndoo ilikuwa kofia ya chupa ya dawa ya kikohozi, na ndani yake nati ya chuma ili iwe na uzito. Swichi hakuweka; ukitaka ifanye kazi unasokota nyaya mbili, ukitaka isimame unazisokotoa. Iliwekwa kwenye kizingiti kipana cha dirisha la sebule, linalotazama mawio. Mota ililia kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo, gia zikageuka pole pole, na ndoo ikapanda kwa mwendo wa kinyonga mpaka ikagusa kapi juu. Usiku, baridi ilipotenganisha meno, ndoo ilijishukia yenyewe. Bi Hawa alipiga makofi kama mtoto siku ile ya kwanza. Mimi niliuliza inachota nini. Fundi akasema, "Bado haijapata kisima."

Lazima niseme habari ya betri, maana bila hiyo msomaji hataelewa. Wakati ule betri haikutupwa. Ilipochoka kwenye redio tuliitoa, tukaianika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu moja ya kila siku: kupanga betri za wateja kwenye ungo, kuziweka juani uani kama mtu anayeanika mpunga, kuzigeuza upande, na kuwafukuza kuku wa Mama Sekela wasizidonoe. Jua likizipata sawasawa zinarudi na nguvu kidogo, redio inasema taarifa ya habari, halafu zinalala tena. Kila unapozianika zinarudi na nguvu pungufu ya jana. Mwisho zinatapika, zinatoa unga mweupe na maji ya kutu, na hapo hata jua kali la bonde la Usangu haliziamshi.

Masika yalipokuwa yanaelekea mwisho Fundi aliitwa upande wa Madibira, bondeni Usangu, mashine ya kukobolea mpunga imekataa na mavuno yako karibu. Alfajiri ile nilipika uji wa ulezi, akanywa amesimama. Winchi ilikuwa imetoka kusimama jana yake kwa sababu betri zimekwisha, na yeye kwa haraka za safari hakusokotoa nyaya. Alimwambia mkewe, nilisikia kwa masikio yangu nikiwa nafunga chakula chake cha njiani, "Usiiguse mpaka nirudi. Kuna jino moja nataka nilirekebishe mwenyewe." Akachukua bisibisi yake, ile yenye mpini aliouzungushia mpira mwekundu, akaitia mfuko wa shati. Akapanda lori.

Aliyerudi ni utingo wa lile lori. Alikuja ana matope yaliyokauka mpaka kwenye kope, akakaa kwenye kiti cha sebule akashika chai asiinywe. Alisema mto ulikuwa umejaa kule bondeni, lori likazama magurudumu, Fundi akashuka na kamba kiunoni ili aifunge kwenye mti wa ng'ambo. "Maji yalikuja kama ukuta, mama. Tulivuta kamba. Kamba ilirudi. Yeye hakurudi." Watu walitafuta mpaka wakachoka, lakini Usangu ikijaa ni bahari ya majani, utatafuta wapi. Bi Hawa alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Ulimwona amekufa?" Yule kijana akasema aliona maji yanamchukua. "Sikukuuliza maji." Akaenda chumbani. Hakufumua nywele, hakuvua hereni. Watu waliokuja kutoa pole aliwapa chai na maandazi kama wageni wa kawaida, na kila aliyefungua mdomo kusema marehemu alimwambia hapa hakuna marehemu. Kwa desturi yao mwanamke hakai eda mpaka ajulikane kuwa mjane, na ujane wake ulikuwa majini.

Siku chache baadaye nilikuwa sebuleni napeta mchele. Jua lilikuwa limeingia dirishani, limefika kwenye kiti cha Fundi. Nikasikia nzi. Nikainua macho, hakuna nzi. Ndoo ilikuwa inapanda. Hakuna mtu aliyekuwa karibu nayo, nyumba imetulia, redio zote za karakana zimenyamaza tangu mwenyewe aondoke, na kile kikofia cha dawa kinapanda, kinatetemeka, gia nyeusi zinageuka meno kwa meno. Nilisimama na ungo mkononi, mchele unamwagika, sikusikia unamwagika. Kilifika karibu nusu kikasimama. Nilipogeuka, Bi Hawa alikuwa mlangoni, kiganja kwenye mdomo. Alisema jina la mumewe taratibu, kama unavyomwita mtu aliyesinzia. Halafu akaniambia, "Okota mchele, Filo. Na pika wa kutosha watatu."

Nilitafuta waya kwanza. Bi Hawa alipotoka niliinama nikaangalia: nyaya zimesokotwa, betri zimekaa kwenye kijisanduku chao nyuma, na jua limeliwasha bati la kijisanduku mpaka likawa moto. Nikaelewa pale pale. Ni ungo wangu ule ule, isipokuwa ungo huu una mota. Sikusema. Sikuulizwa, na mwanamke aliyeanza kula tena huwezi kumpokonya sahani. Maana alianza kula. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mbele ya dirisha, amevaa vizuri, amepaka wanja, akamngoja. Ndoo ikipanda aliiambia habari za jana: bei ya ndizi, choo cha uani, nani ameoa. Usiku niliisikia kutoka jikoni ikishuka, tak, tak, tak. Mama Sekela aliiona mara moja kupitia dirishani akiwa na beseni lake, akaja mbio jikoni. "We Filo, hiyo kitu ina mtu ndani. Mimi siuzi ndizi hapa tena." Akauza, lakini kwa mlango wa uani.

Shemeji yake, Hamisi, mdogo wake Fundi mwenye duka la nguo Iringa, alikuja baada ya kusikia kwamba eda imekataliwa. Hakuwa mtu mbaya, nataka ieleweke. Alikuja na gunia la viazi na doti ya khanga, akamsalimia kwa heshima, na usiku walipokaa sebuleni nilikuwa nasugua masufuria mlango wazi, nikasikia yote. "Shemeji, shahidi yupo. Masheikh wamemsikiliza utingo, wameridhika. Kaa eda yako, imalize, uwe huru. Bado kijana wewe."

"Utingo aliona maji. Hakuona maiti."

"Basi unangoja nini? Miaka? Unataka uzeeke unatazama barabara?"

"Sitazami barabara. Asubuhi ya leo alikuja."

Nikaacha kusugua. "Nani alikuja, shemeji?"

"Ndugu yako. Lala hapa, kesho jua likitoka utamwona."

Kesho yake Hamisi aliona. Alikuwa na kikombe cha chai, akakiweka chini. Akajikaza akasema, "Hii ni betri, shemeji." Bi Hawa akamjibu bila hasira, "Betri hizo alizitoa kwenye redio ya mteja zimekufa, mbele yangu. Mfu anamwinua nani?" Hamisi aliondoka na basi la mchana. Mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mlishe. Na umwangalie."

Nilimlisha mpaka siku aliyokataa. Maana betri ni betri, na kila juma ndoo ilipanda pungufu. Ilikuwa inafika nusu, ikawa inafika theluthi, ikawa inanyanyuka kidogo kutoka kizingitini, inaning'inia, inatetemeka. Mimi niliona betri zinaisha. Yeye aliona mumewe anaisha. "Anaumwa, Filo," aliniambia, macho yamezama. "Yuko mahali kwenye matope, anaumwa, hana wa kumpa maji. Angalia anavyotetemeka." Alianza kunyima kinywa chake ili amwekee yeye. Sahani ya tatu ilikaa mezani inapoa, utando unaota juu ya mchuzi, na hakuruhusu niitoe mpaka kesho. Hereni zilianza kumlegea masikioni. Akasema atakwenda Usangu mwenyewe kwa miguu kumtafuta, na alikuwa hana nguvu ya kufika sokoni. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeingia, ile inayouma meno. Nikaona nikinyamaza tena nitazika mtu, na huyu maiti yake ingeonekana vizuri.

Basi asubuhi moja nilichukua ungo wangu na betri zake, nikaingia nao sebuleni nikauweka sakafuni kwenye jua, mbele ya kigoda chake. Nikamwambia, "Bi Hawa, niangalie kazi yangu." Nikachukua betri iliyopoa nikaitia kwenye redio ndogo, kimya. Nikaianika juani mpaka ikapata moto, nikaitia tena, redio ikaimba, ikafifia. Nikanyoosha kidole dirishani. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Akasema, "Unadhani mke wa fundi wa redio hajui betri?"

Nikaitoa betri redioni, nikairudisha kwenye ungo.

"Najua jua linaziamsha. Najua tangu siku ya kwanza, Filo. Lakini nani analiamsha jua? Mimi nilijiambia, maadam ndoo inanyanyuka hata unene wa ukucha, sitavaa nguo ya eda. Hicho tu. Niachie hicho." Halafu akainamisha kichwa, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba amechoka kuliko mimi. "Mwite Hamisi. Aje. Nitakaa mbele yenu nyote. Ikinyanyuka, mniache ningoje hata miaka kumi, na asiniambie mtu tena habari ya shahidi. Isiponyanyuka, nakaa eda siku hiyo hiyo."

Hamisi akaja, akalala karakana katikati ya zile redio, na kulipokucha ulikuwa ukungu. Si ule wa kupita. Ulikuwa umekaa juu ya mji kama sufi, nje huoni mti wa uani, kuku wanalia huoni kuku. Nilipowasha moto moshi haukupanda, ulizunguka chini. Nikajua imekwisha. Bila jua betri zile zisingeamka hata zingeombewa, na kwa baridi ile vya tausi vimenywea, gia hazigusani. Hata betri mpya isingeinua kitu. Hamisi naye alijua, nilimwona akikunja ile shuka nyeupe ya eda aliyokuja nayo, anaifunua, anaikunja. Mama Sekela alikuja akakaa karibu na mlango wa uani, tayari kukimbia. Tulikunywa chai ya maziwa. Bi Hawa alikuwa amevaa gauni la kijani Fundi alilopenda. Alikaa kwenye kigoda. Dirisha lilikuwa jeupe tupu, na winchi mbele yake nyeusi.

Tulikaa mpaka chai ikaisha. Hamisi akakohoa, akaanza, "Shemeji, nadhani—"

Nzi akalia.

Nimesimulia hili mara chache, na kila mara mtu huniuliza kama mimi ndiye niliyetia betri mpya. Sikutia. Nilikuwa mita moja kutoka kwenye winchi, nilikuwa nimeangalia msokoto wa nyaya nje ya kijisanduku usiku ule na asubuhi ile. Gia zilianza kugeuka. Niliyaona meno yake hayagusani, yana nafasi kati yake ungeweza kupitisha uzi, na zinageuka. Ndoo ikanyanyuka, unene wa ukucha, na haikusimama. Haikutetemeka kama siku zote. Ilipanda imenyooka, nzito, na kamba imekaza inatoa matone, kama kamba inayotoka kwenye kitu chenye maji. Ikapita theluthi, ikapita nusu, mahali ilipokuwa haijafika tangu aondoke. Mama Sekela alikuwa anasema jambo kwa Kinyakyusa mfululizo. Hamisi alikuwa anasoma dua. Ndoo ikafika juu, ikagusa kapi, tak, ikatulia.

Hamisi ndiye aliyesema kwanza. "Basi, shemeji. Umeshinda. Ngoja."

Bi Hawa aliinuka. Alisogea akaweka kidole chini ya ile ndoo, akakitazama kidole kilicholowa. "Hapana," akasema. "Ametoka majini." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Hamisi akampa shuka. Alivua hereni moja, akavua ya pili, akaziweka kwenye kizingiti. Halafu akalia, kilio cha mjane, kile cha kutoka tumboni, na Mama Sekela ambaye alikuwa amekaa ili akimbie, ndiye aliyefika wa kwanza kumkumbatia. Hamisi aliona haya kulia mbele yetu, akajishughulisha na winchi. Akafungua kijisanduku cha nyuma. Akaniita nione. Betri zilikuwa zimetapika, zamani, unga mweupe umeganda umekuwa jiwe, na waya mmoja ulikuwa umeliwa na kutu mpaka umekatika. Nilitafuta waya kwanza, Fundi. Waya haukuwepo.

Alikaa eda yake yote katika chumba cha nyuma, nami nikampelekea uji na kande na maji ya kuoga, na akala. Eda ilipokaribia kwisha, mzee mmoja wa Kisukuma alifika karakana akiwa na fimbo na kitu kwenye kitambaa. Wasukuma walikuwa wameanza kuingia Usangu na ng'ombe wao wakitafuta majani. Alisema wao hawakumjua mtu, ila mwenye mashine ya kukobolea ndiye aliyekitambua kile kitu akawaelekeza Mbeya. Akafunua: bisibisi yenye mpini wa mpira mwekundu. Maji yalipopungua, walikuta mifupa na mabaki ya shati kwenye shimo la kunyweshea ng'ombe. Wakashusha kamba, wakamtoa, wakamzika pakavu, wakaweka mawe. Hamisi, aliyekuwa amekuja kumjulia hali shemeji yake, akamuuliza ilikuwa siku gani. Yule mzee akacheka kidogo, akasema wao hawahesabu siku, wanahesabu ng'ombe. Akafikiri. "Lakini asubuhi ile tuliikumbuka sisi sote. Ulishuka ukungu. Kule bondeni hatujapata kuona ukungu kama ule. Tulikuwa tunavuta kamba hatuoni tunachokivuta."

Mwaka ule ulipoisha nilirudi kwetu. Bi Hawa aliolewa tena baadaye, na mtu wa Mbalizi mwenye lori la kubebea mahindi, na Mungu akampa watoto ambao hakuwa amewapata, Rehema akiwa wa kwanza. Angengoja miaka kumi aliyoiomba, Rehema asingekuwepo leo wa kunipa khanga ile. Hilo ndilo ninalojua kwa hakika katika habari hii yote. Mengine nimeyaona tu.

Winchi iko chumbani kwangu Iringa, juu ya kabati, upande wa ukuta, mahali jua halifiki. Vya tausi vimepauka, vya Mzungu vimekuwa vya manjano kama meno ya mzee, lakini bado vimeshikana. Mjukuu wangu Neema, ambaye naye siku hizi ana vitofali vya Kichina vyenye mota na rimoti, amenisihi mara mbili nimruhusu aitie mota mpya na betri nzima tuone kama itafanya kazi. Nimemkatalia. Nimemwambia ilikwisha kufanya kazi yake. Amenuna, akauliza basi inakaa hapo inangoja nini.

Sijui. Asubuhi za baridi huku kwetu ukungu hushuka mara nyingi, na mimi huamka mapema, nikakaa kitandani na chai yangu, nikaangalia ile ndoo iko chini. Betri sijatia. Waya uliokatika sijaunga. Usiku inalia, tak, nami naiitikia kwa kikohozi ili ijue nipo. Haijapanda. Siku ikipanda, Neema ajue mahali ilipo shuka nyeupe ya kunizikia.